Mkanda Ukutani kwa Baba Mkwe

Ukiuliza pale mtaani ni fundi gani wa magari ambaye ukimpelekea gari asubuhi hutaliona tena jioni, utaelekezwa kwa Fundi Subiri bila mtu kuumiza kichwa. Si mvivu, msimsingizie. Gereji yake inafunguliwa kabla maduka ya jirani hayajafagiliwa. Kasoro yake ni moja tu: hawashi injini asiyoijua. Unaweza kumletea gari lililozimika njiani, una haraka, abiria wako wamenuna pembeni, na yeye ataanza kwa kuvuta kijiti cha oili, akinuse, akifute, akirudishe, kisha akivute tena. Ukimwambia, "Fundi, si ujaribu tu kuwasha?" atakutazama kama umemwambia amtupe mtoto dirishani.

"Subiri," atasema. Ndipo jina likamganda.

Wateja wanaomcheka hawajui alivyofikia hapo. Chanzo chake kiko sebuleni kwa baba mkwe wake, kwenye msumari uliopigwa ukutani kati ya picha ya harusi na saa iliyokufa zamani. Kwenye msumari huo, kwa miaka ishirini na moja, umening'inia mkanda wa raba uliokatika. Wageni huuliza ni wa nini. Baba mkwe huwaeleza. Huwaeleza mwanzo mpaka mwisho, na kama mkwe mwenyewe yupo, humwonyesha kwa kidole.

Baba mkwe huyo ni Mwalimu. Alistaafu ualimu mkuu siku nyingi, lakini hakuna aliyethubutu kumwita kitu kingine, hata mkewe. Alisahihisha mitihani kwa wino mwekundu miaka thelathini na sita, na katika miaka yote hiyo hakubadilisha alama hata moja. Wazazi walikuja kulia ofisini. Mwanafunzi mmoja alizimia mlangoni. Sifuri ikabaki sifuri.

Sasa, siku Fundi alipokwenda kujitambulisha ukweni, alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mara tatu. Uani kulikuwa na gari la Mwalimu, gari dogo la kijani, taa zake za mbele za mviringo zikilipa sura ya mtu aliyepewa habari mbaya ghafla. Mwalimu alilipenda gari lile kuliko alivyopenda kukiri.

"Unasema wewe ni fundi?"

"Ndiyo, baba."

"Hili lina wiki tatu halijawaka. Hebu washa tusikie."

Fundi akafungua boneti. Kava ya mkanda wa taiming ilikuwa imepasuka ubavuni, na kwenye ule ufa akaiona raba: imekauka, inang'aa vibaya. Mkono wake ukaenda wenyewe mfukoni ukatoa spana namba kumi, maana kichaa huyu alikuwa amekwenda na spana hata ukweni. Alitaka kufungua kava aangalie. Lakini barazani walikuwa wamejipanga mashangazi sita, dada zake Mwalimu, wanampima kutoka kisogoni hadi kisiginoni.

"Washa, kijana," Mwalimu akarudia.

Kijana wa watu akaona haya. Nani amwambie baba mkwe angoje, tena siku ya kwanza? Akairudisha spana mfukoni, akaingia ndani ya gari, akawasha.

Kwa asiyejua, mkanda wa taiming ni raba yenye meno inayounganisha injini chini na juu, ili pistoni ikipanda, valvu iwe imeshapisha njia. Mkanda ukikatika, hakuna anayempisha mwenzake. Injini ile iliimba vizuri sana kwa sekunde nne. Mashangazi wakaanza kutabasamu. Kisha ikasikika "tak!" moja, ikifuatiwa na sauti kama ya sufuria zinazoporomoka kabatini, halafu kimya. Valvu zote nane zilipinda.

Mwalimu hakugomba. Binti alimpa, maana alikuwa mtu wa haki. Lakini mkanda aliutoa kwa fundi aliyekuja kutengeneza, akaupigilia msumari sebuleni, na tangu siku hiyo hakuwahi kumwita mkwe wake kwa jina wala kwa heshima ya aina yoyote. "Mwambieni yule wa mkanda chai iko tayari." "Yule wa mkanda kaja na watoto?" Watoto wamezaliwa watatu, mkubwa ana ndevu, na Fundi bado ni yule wa mkanda. Mume wa dada yake mkewe, anayeuza magodoro na asiyejua hata oili inaingilia wapi, aliitwa "mwanangu" wiki ya kwanza.

Fundi hakuwahi kulalamika, lakini lilimuuma. Lilimuuma kila sikukuu na kila msiba. Alikuwa ametengeneza injini za malori, za boti, za mashine za kusaga, na watu walitoka mbali kumfuata. Akiingia sebule ile na kuuona msumari, anarudi kuwa kijana wa shati jeupe. Alichotaka katika dunia hii kilikuwa neno moja kutoka kwa mzee mmoja, na mzee mwenyewe alikuwa na umri wa miaka themanini na mbili.

Gari lilipumzishwa miaka tisa iliyopita, Mwalimu alipopata mtoto wa jicho. Madaktari walitaka kumfanyia upasuaji mapema, akakataa katakata, kwa sababu daktari wa macho alikuwa mwanafunzi wake wa zamani na alikumbuka alama zake za sayansi. Mwaka huu mkewe alimchosha kwa maneno mpaka akakubali. Bandeji zilipotolewa akaona vizuri, na kitu cha kwanza alichokiona alipofika nyumbani ni vumbi juu ya turubai la gari lake. Fundi wake wa zamani alikuwa amehamia mbali kwa wanawe. Ikabidi mama mkwe apige simu.

"Mwanangu, baba yako anataka gari liwake," akasema. "Njoo Jumamosi. Na tafadhali, mwanangu, safari hii..." Hakumalizia. Hakuwa na haja.

Mke wa Fundi, ambaye ana duka la dawa na anajua kumsoma mgonjwa kwa kumtazama, alimwona mumewe anafunga visanduku vya spana, anavifungua, anavipanga upya.

"Baba watoto, ni gari tu."

"Najua."

"Hujui. Tangu jana umekunywa chai ya chumvi na hujasema neno."

Jumamosi asubuhi wakafika. Mwalimu alikuwa barazani kwenye kiti chenye mto, miwani mipya puani. Shemeji mtu, mdogo wake mkewe, karani wa bandari asiye na simile, alikuwa ameshaleta betri yenye chaji na amesimama na simu mkononi, tayari kurekodi.

"Shemeji, kazi nusu saa hii! Naweka betri, unawasha, narusha kwenye kundi la ukoo. Shangazi wawili waliobaki wanasubiri kuona."

"Ufunguo uko wapi?" Fundi akauliza.

Shemeji akampa. Fundi akautia mfukoni, akafunga zipu ya mfuko.

"Sasa mbona..."

"Subiri."

Barazani, Mwalimu akakohoa. Fundi akakaza roho, akafungua boneti.

Alianza na kijiti cha oili. Akakinusa, akakifuta. Oili ilikuwa nyeusi na nzito, lakini haikuwa na maji. Akafungua petroli ya zamani ikatiririka kwenye ndoo, ikinuka kama rangi ya mlango. Kisha akafungua chombo cha chujio la hewa, na hapo akasimama kidogo. Panya walikuwa wamejenga. Hawakujenga kwa majani wala matambara. Walijenga kwa mitihani. Mwalimu alikuwa akihifadhi mafurushi ya mitihani ya zamani kwenye buti la gari, kwa sababu ushahidi hautupwi, na panya wakayahamisha karatasi kwa karatasi mpaka ndani ya injini. Fundi akavuta kiota kizima kwa mkono, duara safi la karatasi zenye wino mwekundu. Kipande kimoja kilisomeka: "Hujasoma swali." Kingine: "Ulikuwa wapi siku tuliyofundisha hili?"

Shemeji akasogea na simu yake akicheka. "Hii lazima waione! Subiri nisome hiki... 'alama tatu kwa arobaini, mwone mzazi wako'..." Akaukazia macho mwandiko. Kisha akaishusha simu taratibu, akajitia hamnazo.

"Ya nani hiyo?" Mwalimu akauliza kutoka barazani.

"Haisomeki, baba. Panya wameila."

"Ni yako," akasema Mwalimu. "Jiografia. Naikumbuka."

Kuanzia hapo shemeji akapoa, na kazi ikaenda vizuri zaidi. Fundi akatoa plagi zote nne, akadondosha oili nyepesi kwenye kila tundu, akaiacha ishuke yenyewe kwenye kuta za silinda zilizokaa kavu miaka tisa. Kisha akatoa spana namba kumi, ile ile, mpini wake umelainika kwa miaka ya kushikwa, akafungua kava ya mkanda.

Kwa macho tu mkanda ulikuwa mzima. Meno yote yapo, hauna oili, haujachanika. Mtu mwenye haraka angefunga kava na kuomba ufunguo. Fundi akaukunja kwa vidole, mgongo kwa nje, na nyufa ndogo zikafunguka kama za kisigino kikavu.

"Umekufa huu, baba," akasema. "Inabidi ubadilishwe kabla ya injini kuzungushwa hata mara moja."

Aliposema hivyo, Mwalimu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alitabasamu. Akashika fimbo yake, akainuka, akaingia ndani, na mlango wa kabati lake la nguo ukasikika ukilia. Akarudi na boksi jembamba lililofungwa kwa karatasi ya zawadi.

"Nilijua," akasema. "Siku nilipolifunika gari, niliagiza mkanda mpya. Nimeuweka na vyeti vyangu, mahali pakavu, hapana jua, hapana panya. Miaka tisa. Nilisema, siku gari litakapowaka, litawaka na huu." Akamnyooshea. "Haya. Ufunge wewe."

Mama mkwe akashika kifua. Mke wa Fundi akamtazama mumewe kwa macho yanayong'aa, maana kila mtu alielewa maana ya boksi lile. Mwalimu haombi radhi na hasamehi kwa mdomo. Hilo boksi ndilo lilikuwa mdomo.

Fundi akalipokea kwa mikono miwili, akalifungua. Mkanda ulikuwa safi, mweusi, haujawahi kuguswa na injini. Akautoa. Akaukunja kwa vidole, taratibu, mgongo kwa nje.

Akaziona. Nyembamba kama nywele, lakini akaziona. Raba ilikuwa ngumu, meno yamekakamaa. Raba inazeeka hata kama imelala kabatini na vyeti.

Angeweza kuufunga. Labda ungeshika mwezi, labda miezi sita. Gari lingewaka leo, shemeji angerekodi, na lile neno, "mwanangu", lingekuja leo hii mbele ya watu wote; lilikuwa limeshakaribia mdomoni mwa mzee. Kilichohitajika ni yeye kunyamaza tu, kama alivyonyamaza siku ile.

"Baba," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba. Akakohoa, akaanza upya. "Baba, nashukuru sana. Lakini siufungi huu."

"Ni mpya."

"Ni mpya, lakini umezeeka. Tazama." Akaukunja mbele ya ile miwani mipya. "Ukikatika barabarani, injini inakufa palepale, na wewe na mama mko ndani. Nitatafuta mwingine. Inabidi usubiri."

Mama mkwe akafumba macho. Shemeji, aliyekuwa ameanza kurekodi tena, akazima simu kwa hiari yake. Mwalimu akautazama mkanda, akamtazama Fundi, akautwaa mkanda wake, akaurudisha ndani ya boksi, akaikunja karatasi ya zawadi mara nne. Akaingia ndani. Mlango wa kabati ukalia tena.

"Umejipalia makaa, shemeji," shemeji akanong'ona.

Mke wa Fundi ndiye aliyesema walipokuwa njiani kurudi. "Umefanya sawa." Akamwona jinsi anavyotazama mbele tu, akaongeza, "Na mimi najua inavyouma." Fundi akaitikia kwa kichwa, maana angefungua mdomo angelia, mtu mzima mwenye mvi.

Mkanda mpya ulipatikana Jumatatu. Fundi alisoma tarehe yake mara mbili, akaukunja mbele ya muuza duka mpaka muuza duka akakasirika. Akanunua na gurudumu lake dogo la kukazia na pampu ya maji, kwa kuwa vyote vinakaa mlango mmoja na hakuna haja ya kubisha hodi mara mbili. Siku mbili alishinda peke yake uani kwa wakwe. Mwalimu hakutokea hata barazani. Ila pazia la dirisha la sebule lilikuwa na tabia ya kutikisika, na kila Fundi alipoinua kichwa, lilitulia.

Akapanga alama za injini, za juu na za chini, zikalingana. Akafunga mkanda. Kisha, bila betri, bila stata, akaweka spana ndefu kwenye krenki, mhimili wa chini, akaizungusha injini kwa mkono, pole pole, sikio limeinamia kichwa cha injini, mzunguko mzima, kisha wa pili. Hakuna kilichogonga. Akapima mgandamizo wa silinda moja moja, na zote nne zikakaribiana, injini ikiwa na pumzi kuliko mwenyewe alivyotarajia. Akamwaga oili, akatia mpya, akasafisha kabureta, akabadilisha mipira ya maji iliyofura. Akazungusha stata bila plagi mpaka taa nyekundu ya oili ikazimika. Akarudisha plagi.

Jumatano saa nne asubuhi akamwambia mama mkwe, "Mwambie baba gari liko tayari."

Walikuwepo wote. Mke wa Fundi alikuwa amefunga duka. Shemeji alikuwa ameaga kazini kwa kusema ana msiba. Mwalimu akatoka amevaa koti, akaingia kwenye kiti cha dereva, akapangusa usukani kwa leso. Mama mkwe akakaa nyuma na mkoba wake mapajani kama mtu anayekwenda mbali. Fundi akafungua ile zipu ya mfuko, akampa ufunguo kupitia dirishani.

Mwalimu akautia mahali pake. Hakuuzungusha.

"Siku ile," akasema, akitazama kioo cha mbele, "nilikuona na spana."

"Spana gani, baba?"

"Namba kumi. Uliitoa mfukoni. Nikajua unataka kufungua kava. Fundi wangu alikwisha kuniambia mara mbili kwamba mkanda umechoka. Lakini dada zangu walikuwa wamekaa pale, na mimi nilikuwa nimewaambia gari langu halina kasoro. Nikaona ukilifungua utaniaibisha. Ndiyo maana nikasema washa."

Fundi akashika mlango wa gari.

"Nilisahihisha vibaya," Mwalimu akasema. Ilimtoka kwa shida, kama mtu anayetema mfupa. "Alama zile zilikuwa zangu."

"Miaka ishirini na moja!" Mama mkwe akapaza sauti huko nyuma. "Miaka ishirini na moja nafuta vumbi juu ya mkanda ule, na kosa lilikuwa lako!"

Mwalimu akainua mkono kumnyamazisha, na kwa mara ya kwanza katika ndoa ile haukufaa kitu. Akangoja mkewe amalize. Kisha akageuka dirishani, akamtazama Fundi usoni kwa macho yake mapya.

"Mwanangu," akasema, "niwashe?"

Mzee ambaye hakuwahi kumwomba mtu ruhusa ya kitu chochote. "Subiri kidogo, baba," Fundi akasema, akaenda mbele, akainama ndani ya boneti kama anayekagua kitu. Hapakuwa na kitu cha kukagua. Akajifuta uso kwa kitambaa cha oili, likabaki doa jeusi kutoka jichoni hadi sikioni, na linaonekana vizuri kabisa kwenye video ya shemeji.

Akafunga boneti.

"Washa, baba."

Injini ikakohoa mara moja, ikashika. Fundi akaanza kuhesabu moyoni. Moja, mbili, tatu. Kwenye nne akafumba macho. Alipofika kumi na tano, mama mkwe alikuwa ameshateremka, ameingia sebuleni, na ametoka na mkanda ule mkononi, msumari ukiwa bado umening'inia ndani yake, anauliza pipa la taka liko wapi.